Karata za Herufi na Jina la Mjukuu

Jumapili, 7 Julai

Naima alijifungua jana alfajiri. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Leo wamerudi nyumbani kwetu kwa arobaini. Sasa mimi ni babu. Nimejitazama kwenye kioo cha dukani, kile wanachotumia wateja kujipima vitenge. Sioni tofauti, ila kitambi.

Nimeamua mtoto ataitwa Zamda, jina la marehemu mama yangu. Mama aliniomba hilo miaka thelathini iliyopita. Nina mabinti wanne, na kila alipozaliwa mmoja palitokea jambo. Wa kwanza alipewa jina la mama mkwe, maana mama mkwe alikuwepo na mama yangu hakuwepo. Wa pili, la shangazi aliyekuwa mahututi, ambaye baadaye alipona na bado yuko hai. Wa tatu alizaliwa nikiwa Kahama. Wa nne ndiye Naima, na hilo jina alilipendekeza mkunga wakati mimi nikitafuta maegesho ya baiskeli. Mama alifariki mwaka juzi bila Zamda hata mmoja. Hakuwahi kulalamika. Aliniangalia tu, na hilo ni baya zaidi.

Saa tisa mchana akafika Bi Arafa, mama mzazi wa mkwe wangu Anuar, kutoka Biharamulo. Alikuja na kuku wawili, mkungu wa ndizi na jina. Anataka mtoto aitwe Kwandu, jina la mama yake. Alilisema kabla hajakaa.

Bi Arafa ni Msukuma. Alihamia Biharamulo akiwa msichana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akasilimu alipoolewa. Ana miaka sitini na minane. Mimi nina hamsini na saba, kwa hiyo lazima nimwamkie shikamoo kila asubuhi kabla ya kuanza kumchukia.

Tulibishana kwa heshima, polepole, mlangoni mwa chumba cha mzazi, mpaka mtoto akaamka. Naima akasema kutoka ndani, "Baba, Mama, Anuar ana karata zake. Chezeni. Atakayeshinda ndiye atatoa jina. Ila mchezee uani."

Anuar anafundisha darasa la pili kule Murusagamba, ameomba ruhusa ya wiki moja. Karata zake alizikata mwenyewe kutoka manila ya kijani, kila moja ina herufi moja. Unagawiwa saba. Unatandaza neno mkekani, unaokota nyingine kufidia. Kila herufi ni alama moja. Wa kwanza kufika hamsini ndiye mshindi wa siku. Kamusi ndiyo hakimu. Tutacheza Jumatatu hadi Alhamisi, baada ya alasiri. Tukilingana, duru moja ya mwisho. Ijumaa ni siku ya saba, ni akika, na jina lazima liwepo.

Nimefurahi sana. Babu yangu alikuja Ngara kutoka Pangani na mabelo ya nguo. Kiswahili tumekuja nacho sisi, kimefungwa pamoja na kaniki. Bi Arafa Kiswahili chake kakiokota mnadani, akiuza ng'ombe, na kidogo kwenye darasa la ngumbaru. Karata anaziita "kalata".

Nimemwambia mke wangu Shamsia kwamba mtoto ameshapata jina. Shamsia amesema nile kwanza.


Jumatatu, 8 Julai

Baridi ya asubuhi kilimani hapa inauma. Duka limefunguliwa kwa kuchelewa kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno marefu. Nimepata "mkurugenzi". Herufi kumi. Baadaye nikakumbuka kwamba tunagawiwa karata saba.

Mchezo umeanza vibaya. Nilishika M mbili, B, Z, W, U, I. Nikaweka "mbu". Nikaokota nyingine, nikaweka "uzi". Nikaweka "wizi". Anuar alizisoma kwa sauti ya kutia moyo, ile anayowatumia watoto wa darasa la pili.

Bi Arafa akaweka "kalamu". Nilikubali, ni neno. Zamu iliyofuata akaweka "karamu".

Nikapinga. Nilisema neno hilo amekwisha litumia. Akaniuliza ninazungumzia ya kuandikia au ya kula. Nikamwomba ayatamke yote mawili, mkwe wangu asikie.

"Kalamu," akasema. "Na kalamu."

Nikamwambia Anuar kwamba mtu asiyeweza kuyatenganisha maneno mawili mdomoni hana haki ya kuyahesabu kuwa mawili mkekani. Anuar akafungua kamusi, akatuonyesha. Yamo yote mawili. Akasema, "Baba, karata hazisemi."

Baada ya hapo ikawa mafuriko. Kula na kura. Mahali na mahari. Hali na hari. Kila neno la mama huyu lina pacha wake. Mimi niliyelelewa kutofautisha L na R kwa kofi la bibi yangu nimebaki na maneno ya upande mmoja tu.

Hamsini kwa thelathini na moja.

Shamsia ameniuliza mchezo ulikuwaje. Nimesema tulikuwa tunajaribu sheria.


Jumanne, 9 Julai

Nimeshinda. Naandika tena ili nilione: nimeshinda.

Mpango ulinijia nikiwa napima doti ya mteja. Bi Arafa hawezi kumkataa mtoto. Kwa hiyo baada ya alasiri nikaenda chumbani, nikamwambia Naima apumzike, nikambeba mjukuu mpaka uani na kumweka mapajani mwa bibi yake mara tu karata zilipogawiwa. Nikasema mtoto alikuwa akimlilia. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Mkono mmoja ulishika kichwa cha mtoto, mwingine ulishika karata saba. Karata zikalala kifudifudi, zikainuka, zikageukia kwangu. Nikaziona zote. Nilipoona anakusanya herufi za "shamba" nikachukua zamu ndefu kwa makusudi, nikikohoa, mpaka mtoto akalia na yeye akasahau. Hamsini kwa arobaini na nne.

Siku moja kwake, moja kwangu.

Jambo moja tu limenisumbua. Wakati anambembeleza alikuwa akiimba Kisukuma, na ndani ya wimbo nimesikia "Kwandu" mara nne. Huko ni kumzoesha mtoto. Nimeona ni utovu wa maadili. Nilipombeba kumrudisha chumbani nikamnong'oneza "Zamda" mara tano, ili kusawazisha na kuzidisha moja.

Akanikojolea kanzu. Nimelichukua kuwa ni kukubali.


Jumatano, 10 Julai

Leo naandika kwa ufupi kwa sababu ya aibu. Hapana, nitaandika yote. Shajara ni yangu, hakuna atakayesoma.

Asubuhi nilimwamkia Bi Arafa, akaniitikia marahaba, akaniambia leo hatampakata mtoto wakati wa kucheza, atampakata kabla na baada. Nikajua lazima nibadilishe silaha. Nikatafakari nguvu yake iko wapi. Iko kwenye kamusi. Bila kamusi, nani atathibitisha kwamba "kalamu" na "kalamu" ni maneno mawili?

Nikaichukua kamusi mezani, nikaenda nayo dukani chini ya koti, nikaifukia katikati ya rundo la vitenge, karibu na sakafu, chini ya rangi ambazo hazijanunuliwa tangu mwaka jana.

Baada ya alasiri Anuar akatafuta kamusi. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii mpaka Shamsia akanitazama. Hatimaye nikashauri kwamba, kwa kuwa kamusi haipo, apatikane mtu mzima mwenye hekima na Kiswahili cha asili, awe mwamuzi wa maneno. Nikasubiri watu wanigeukie.

Anuar akasema ni wazo jema. Akasema kwa mila ya kila nyumba anayoijua, mwenye umri mkubwa ndiye huamua. Akamgeukia mama yake.

Basi nikacheza mbele ya hakimu ambaye pia ni mpinzani. Haki ya Mungu, aliamua vizuri. Alikataa neno lake mwenyewe moja, "bulanda", akasema hilo ni la nyumbani kwao. Hilo lilinikera zaidi.

Nikafika arobaini na tatu, yeye arobaini na sita. Mkononi nilikuwa na N, D, O, G, O, S, A. Herufi saba. Nikiziweka zote nashinda siku. Nikaziweka zote.

"Ndogosa," nikasoma.

Anuar akakuna kichwa. Bi Arafa akauliza ndogosa ni nini.

Nikaeleza kwamba ni Kiswahili cha pwani. Ni wali ulioshika chini ya sufuria kidogo tu, haujawa ukoko. Nikaeleza kwa utulivu. Hata mimi nilianza kuusikia mdomoni.

Bi Arafa akasema hajawahi kulisikia, lakini yeye si mtu wa pwani, hawezi kulikataa neno la watu. Akauliza kama ninaye ndugu huko. Kabla sijajibu Shamsia alikuwa ameshapiga simu kwa binamu yangu Abdulkadiri, Pangani, na kuiweka sauti ya nje juu ya mkeka.

Nikawahi kusema, "Abdulkadiri, hawa ndugu zetu hapa wanauliza ndogosa, kile chakula chetu."

Abdulkadiri akafikiri. Ni mtu mwaminifu, tangu utotoni ana tabia hiyo.

"Ndogosa," akasema. "Hilo si neno lenu la huko milimani? Kihangaza?"

Bi Arafa akalikataa neno, lakini kwa upole. Akasema, "Ni neno zuli. Kamusi ikipatikana, liongezwe." Zamu yake ikafika, akaweka "kula". Hamsini.

Hapo ndipo akaingia Eufrazia wa kwaya, ambaye alikuwa dukani akitafuta vitenge vya sare. Kwaya nzima imependa rangi ile ambayo hainunuliki. Akasema, "Shikamoo, mzee. Hii ilikuwa katikati ya vitenge." Akaweka kamusi juu ya mkeka.

Anuar alifuta vumbi kwenye jalada kwa mkono wa shati lake, taratibu, akaifungua. Nadhani alikuwa anatafuta ndogosa.


Alhamisi, 11 Julai

Yeye siku mbili, mimi moja. Leo ilikuwa lazima nishinde ili tulingane.

Niliamka nikiwa nimepata jibu. Kiswahili kinaendeshwa na A. Mwenye A nyingi ana kila kitu. Saa mbili asubuhi nikaenda kwa Danstan wa steshenari, nikanunua manila ya kijani na kalamu ya wino mzito. Danstan akauliza kama nimeanza kufundisha. Nikasema kwa namna fulani.

Nikakata karata sita nyuma ya kaunta, nikaandika A sita, nikaziviringisha kidogo pembeni ili zionekane za zamani. Ni kazi nzuri. Kama ningekuwa kijana ningefanya mambo makubwa.

Baada ya alasiri nikajitolea kuchanganya. Nikazipanga A zangu juu ya rundo kwa hesabu, moja kwangu, moja ya kawaida kwake, moja kwangu, hadi mwisho. Jasho likanitoka mgongoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Nikaanza kugawa.

"Ngoja," akasema Bi Arafa. "Kwetu huwa tunakata."

Akachukua karata moja ya juu, moja tu, akaiweka chini ya rundo.

Nikagawa. Sikuwa na namna. Mkono wangu mwenyewe ulimpelekea zile A, moja baada ya nyingine, na mimi nikajigawia K, T, N, W, E, G na ile I iliyochanika pembe.

Akaanza na "baba", akaokota nne. Kisha akaweka "maarifa".

Anuar akamsifu. Akamuuliza mama yake amejuaje kwamba maarifa ni ya R. Bi Arafa akasema, "Nilikuwa na R peke yake. Sikupata shida."

Akafuata na "salama". Akafuata na "baraza". Mimi niliweka "wewe". Nilikuwa namtazama nilipoliweka.

Nilitaka kupinga. Mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba A zimezidi. Lakini katika uwanja ule mtu pekee aliyejua zimezidi ngapi ni mimi. Nilikaa juu ya siri yangu kama kuku kwenye yai bovu.

Ilipofika hamsini kwa kumi na tisa, Anuar akainama mkekani, akazifunua na zilizobaki rundoni, akaanza kuzigusa kwa kidole. Akasema taratibu, "Baba, mimi nilikata A kumi na mbili. Hapa naona kumi na nane."

Nikatazama paa la nyumba ya jirani.

Bi Arafa akazikusanya zote mbele yake. "Ziache," akamwambia mwanawe. "Mimi nimezipenda."

Nimekaa peke yangu dukani mpaka magharibi. Haikuwa kuhusu karata. Nilikuwa namwona mama, alivyokuwa anakaa kwenye kiti kile cha mlangoni akipepeta mchele, na kila mjukuu alipozaliwa alikuwa anauliza, "Mmemwitaje?" Nami nikimjibu, alikuwa anasema, "Jina zuri." Mara nne.

Kesho mtoto ataitwa Kwandu.


Ijumaa, 12 Julai

Akika. Mbuzi mmoja, pilau, watu arobaini ingawa tuliwaalika ishirini. Ostadhi alikuja mapema kwa sababu ya swala ya Ijumaa.

Bi Arafa alikuwa amevaa kitenge kipya, tena cha dukani kwangu. Alikaa mbele. Ostadhi alipouliza jina, akajiweka sawa, akafungua mdomo.

Naima akatokea mlangoni na mtoto mikononi. Akasema, "Yusra."

Ostadhi akarudia, akaomba dua, watu wakaitikia. Ilikwisha kabla sijafunga mdomo. Nilimtazama Bi Arafa, na wake ulikuwa bado wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona tunafanana.

Baada ya wageni kupakuliwa nikamfuata Naima chumbani. Nikamuuliza jina hilo limetoka wapi.

"Tulilichagua mwezi wa nne, Baba. Mimi na Anuar."

"Na karata?"

"Nilikuwa nataka kulala." Alisema hivyo bila hasira, akimfunga mtoto kitambaa. "Nilijifungua Jumamosi. Jumapili nyinyi mkasimama mlangoni mwangu na majina yenu. Nikafikiri, nikiwapeleka uani kila jioni, nitapata saa mbili za usingizi. Na nimezipata. Nimewasikia mkizozana mpaka usingizi ukanichukua. Mlikuwa mnanibembeleza."

Nikamwambia kuhusu bibi yake Zamda na ombi lake. Nilimweleza yote, hata ya maegesho ya baiskeli. Alisikiliza. Kisha akasema, "Baba, hayo ungeniambia mimi. Umemwambia kila mtu kasoro mimi." Nikambeba mtoto kidogo.

Nje nikamkuta Bi Arafa kwenye benchi la jikoni na sahani ya pilau ambayo hakuigusa. Nikakaa. Akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa mkali, mdomo mzito, na mchele wake haukuwahi kuwa na jiwe. Nikamuuliza kuhusu Kwandu. Akasema alikuwa anajua jina la kila ng'ombe lakini watoto alikuwa anawachanganya, kila msichana alimwita "wewe wa katikati".

Tulicheka. Tulikula sahani moja. Nikamwambia samahani kwa kamusi. Na kwa zile A. Akasema A hazina neno, na kwamba Jumanne alijua ninamchungulia, ila mtoto alikuwa mtamu kuliko ushindi.

Mama mwema sana. Nimeona nilimkosea. Nimejifunza mengi wiki hii, na nitayaandika yote kesho nikiwa nimetulia.


Jumamosi, 13 Julai

Sikuyaandika kwa sababu limetokea jambo.

Anuar anarudi Murusagamba leo, kabla barabara haijachafuka zaidi kwa malori. Asubuhi alinikabidhi bahasha. Ndani kuna fomu ya cheti cha kuzaliwa. Ameniomba, kwa kuwa mimi niko karibu, niipeleke ofisi za wilaya Jumatatu. Ameijaza kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu. Jina la kwanza: Yusra. Jina la mwisho: Anuar.

Katikati kuna nafasi. Ni nafasi ya jina la kati, nayo iko wazi.

Nimeitazama tangu saa nne. Zamda ni herufi tano. Zinaenea, nimepima kwa rula. Si kudanganya. Ni kujaza fomu, na serikali hupenda fomu iliyojazwa. Naima akija kuona cheti atakuwa ameshapata usingizi wa kutosha na moyo wake utakuwa umelainika. Yusra Zamda Anuar. Nimelisema kwa sauti dukani, mteja mmoja akasema ni zuri.

Mchana Bi Arafa akaniambia naye atashuka mjini Jumatatu. Anasema tangu aje hajaziona ofisi za wilaya. Nikamwambia ni majengo tu. Akasema anapenda majengo. Alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, na mdomo wa mkoba ulikuwa wazi, na ndani niliona kalamu. Ya wino, mpya.

Sina wasiwasi. Nimekwisha mpangia usafiri. Yeye nimemwitia William wa bodaboda, ambaye huendesha taratibu na husimama kumsalimia kila anayemfahamu, na anawafahamu wote. Mimi nitapanda na Nzeyimana, ambaye hasimami hata kwenye kona. Nitafika, nitajaza, nitakabidhi, na yeye atakuwa bado yuko sokoni anasikiliza habari za ng'ombe wa shemeji yake William.

Safari hii hakuna karata, hakuna hakimu, hakuna wa kukata rundo. Nashangaa kwa nini sikuanza na njia hii.

Shamsia ameniambia sasa hivi kwamba Bi Arafa amemwomba namba ya simu ya Nzeyimana. Sijui ya nini. Labda anataka kumsalimia.